Maneno Niliyomlisha Marta

Wakesho, aliyerithi meza yangu ofisini, ameniomba niandike jinsi kazi ya sinema ya vijijini ilivyokuwa, ili yeye na wenzake wachanga wasianze kwa kupapasa kama nilivyoanza mimi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitaandika habari za vyeo. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu hata hakikuenea kwenye kibao cha mlango, na siku jenereta ilipogoma hakikusaidia kuiwasha. Nitaandika habari za watu waliokaa mbele ya picha, maana hao ndio niliowatazama kwa zaidi ya miaka thelathini. Na nitaeleza wazi habari ya filamu yangu ya mwisho, ile ambayo nusura mjane mmoja wa Mghange, kijiji cha milimani, apelekwe polisi na kunyimwa maji kwa sababu ya mdomo wangu. Najua wengine mmeisikia ikisimuliwa vingine, na mimi nimetoka humo nikiwa shujaa au mlevi. Sikuwa yeyote kati ya hao.

Siku ya kwanza niliripoti Voi nikiwa nimevaa tai. Mzee Athmani, dereva na fundi wa gari la sinema, mzaliwa wa Voi na mtu wa msikitini, aliitazama tai, kisha akanitazama mimi, kisha akafungua kisanduku cha mbao na kunipa brashi ya kunyolea ndevu. Nilidhani ananiambia kwa adabu kwamba kidevu changu hakijakaa vizuri.

"Hii si ya ndevu, mwanangu," alisema. "Ni ya lenzi na njia ya mkanda. Vumbi la Voi laingia hata pasipo mlango. Kila ubadilishapo mkanda, pangusa. Usipopangusa, watu wataona mvua ya mikwaruzo, na hapa kwetu mvua si kitu cha kuwadanganyia watu."

Brashi hiyo niliitumia mpaka nywele zikaisha. Tai sikuivaa tena, isipokuwa siku moja jenereta ilipokatika mkanda wake huko Mwatate na hatukuwa na kamba nyingine.

Mzee Athmani alinifundisha pia mahali pa kukaa. Wengi katika kazi hii hukaa nyuma ya mashine wakiangalia picha pamoja na watu. Yeye alikiweka kiti chake kando ya shuka jeupe tulilotundika, picha ubavuni, uso kwa watu. "Picha twaijua," aliniambia. "Tumeiona mara arubaini. Hawa ndio hatuwajui." Basi nikajifunza kuusoma umati. Mtu akichoka, miguu ndiyo huanza. Mdomo hufuata baadaye sana. Mama akimhamisha mtoto kutoka paja hili hadi lile bila kutoa macho kwenye picha, huyo umempata. Wazee wa milimani wakikohoa mmoja baada ya mwingine, jua picha imewaudhi lakini wana adabu. Yote niliyaandika kwenye daftari, na kila mwisho wa safari nikatuma ripoti ya mapokezi kwa wakubwa. Sijui kama kuna aliyewahi kuzisoma. Mara moja niliubandika ukurasa wa katikati kwa gundi kidogo ili nijue. Ripoti ilirudi na muhuri mzuri, ukurasa bado umenata.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kufasiri. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, nami nilishika maikrofoni na kuzisema kwa Kiswahili, nikichanganya Kidawida, lugha ya Wataita, tukiwa milimani na maneno machache ya Kikamba tukiwa kule chini. Hapo ndipo penye utamu na sumu yake. Mzee Athmani aliniambia picha ikikaa kimya na watu wakianza kugeuka nyuma, niseme jambo, lolote, wasije wakaondoka. Nikaanza kidogokidogo. Kulikuwa na filamu ya kuogesha ng'ombe dawa, ambamo ng'ombe mmoja anasita ukingoni mwa josho kwa muda mrefu. Nikampa sauti. Nikamfanya alalamike kwamba maji ni baridi na kwamba mwenye boma mwenyewe hajaoga tangu Jumapili. Watu walianguka kwa kicheko. Baada ya hapo, tukifika Taveta waliuliza kwanza kama yule ng'ombe amekuja.

Sitajifanya sikufurahi. Nilifurahi sana. Nilianza kuamini kwamba filamu ni mzigo na mimi ndiye punda anayeufikisha.

Mtaniuliza kama niliwahi kupata watazamaji wagumu. Wengi. Nitataja kisa kimoja. Tulionyesha filamu ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwenye kijiji kimoja juu ya Wundanyi. Watu walitulia kiasi kwamba nilijua nimewashika wote. Mwishoni nikauliza nani ana swali. Bibi mmoja akasimama akauliza lile shamba la kwenye picha ni la nani, kwa sababu ile mimea ya mpaka imepandwa ndani ya ardhi ya jirani. Kumbe wote walikuwa wameona hivyo. Matuta hakuna aliyeyaangalia. Walijadili mpaka ule saa nzima, wakagawanyika pande mbili, na nilipoeleza kwamba shamba lenyewe liko nchi nyingine kabisa, bibi akasema hiyo si sababu ya kuiba ardhi. Niliandika kila neno. Tangu siku ile nilishikwa na udadisi ambao haujaniacha hadi leo: mtu akikaa mbele ya picha, anaona nini hasa?

Miaka ikaenda. Mzee Athmani alistaafu, na baadaye akafariki. Mikanda ikatoweka, ikaja mashine ndogo kama mkate wa nusu kilo ambayo filamu zake zinakaa kwenye kitu unachoweza kukimeza kwa bahati mbaya. Akaja pia Wakesho, binti wa Mwatate, aliyesomea mambo ya filamu Nairobi na ambaye huongea tu akiwa na jambo la kusema. Kwa mtu wa tabia yangu hilo lilikuwa gumu kuzoea. Yeye alishika mashine, mimi nikabaki na maikrofoni.

Mwaka wangu wa mwisho, shirika moja la Nairobi lilituletea filamu na ombi. Filamu ilitoka nchi ya theluji. Ilihusu vijana wanne, wanaharakati wa mazingira wenye msimamo mkali, ambao wameamua kuharibu bomba la kampuni ya mgodi linalovuta maji ya mto wao wote. Ukisikia hivyo utatarajia mbio na milipuko. Hakuna. Kwa saa mbili na zaidi wanajificha kwenye kibanda wakingoja siku yenyewe. Wanamenya viazi. Wanakausha soksi. Msichana mmoja, Marta, anasimama dirishani akiangalia bomba kwa muda ambao ungetosha kuchemsha maharagwe. Mwishoni anaketi peke yake kando ya koki kubwa ya bomba, spana mkononi, anakaa, anakaa, halafu picha inakuwa nyeusi. Huambiwi kama alifungua.

Shirika lilitaka kujua watu wa Taita Taveta wataipokeaje. Sharti lao lilikuwa kwamba nisome tu maandishi ya chini kwa Kiswahili, nisiongeze kitu. Nilijibu kwamba nimeelewa, na kwa kweli nilielewa.

Tulianza Voi, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi karibu na soko. Walikuja wafanyabiashara, wengi watu wa bara waliohamia hapa zamani, mafundi, na waendesha bodaboda. Mpaka viazi vya kwanza walivumilia. Viazi vya pili, miguu ikaanza. Mama mmoja muuza nafaka aliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei, "Hii sinema imeisha ama haijaanza?" Mwendesha bodaboda aliyekaa nyuma akataka kujua hawa ni magaidi ama ni wapishi. Mwingine akasema, "Kama ni kuvunja, si wavunje tuende nyumbani." Theluthi ya ukumbi ilibaki, na kati yao kuna waliokuwa wakichaji simu.

Wundanyi walikuja walimu na watu wa maofisi. Hawa hawakutoka, ila walilala ule usingizi wa mkutanoni, mtu wima na macho nusu. Walioamka walibishana vizuri. Mwalimu mmoja aliuliza kama wale vijana waliandika barua kwanza kwa kampuni, na nakala ikaenda wapi. Mwenzake akasema barua ingekaa kwa trei mpaka mto ukauke. Nilifurahia mabishano, lakini yalihusu barua, ambayo kwenye filamu haimo.

Kasigau ndiko kulikonichanganya. Huko huwezi kuonyesha filamu jioni, kwa sababu jua likianza kushuka kila mtu anakwenda kukaa shambani kuwangoja ndovu. Tulionyesha saa nane mchana kwenye darasa la mabati, madirisha tumeyaziba kwa blanketi, joto la kuokea mkate. Nilisoma maandishi ya chini kama nilivyoagizwa. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyesema. Hata miguu sikuiona ikisogea. Ilipoisha waliinuka wakatoka taratibu, na mwanaume mmoja mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi aliyekuwa amebeba debe la kupiga kelele alisimama mbele yangu.

"Hawa ni walinzi kama sisi," alisema. "Ukikaa kulinda, hakuna kitu inafanyika. Na huwezi kulala. Wameonyesha vizuri."

Kwenye gari Wakesho alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. "Mzee, umeona? Hao wameipenda. Hawakuiona ikiwa polepole hata kidogo."

Nilimwambia wamechoka tu, tena ni watu wenye heshima. Kwenye daftari niliandika: hawakuonyesha hisia. Nikikumbuka sentensi hiyo leo naona aibu. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kuwatazama watu, na bado niliamini kwamba asiyecheka hajaona kitu.

Basi tulipopanda Mghange, nilipanda nikiwa na kinyongo na ile filamu. Ilikuwa onyesho langu la mwisho kabla ya kustaafu, na sikutaka kuaga kazi nikitazama migongo ya watu wakitoka. Njiani, juu ya matuta ya kabichi na nduma, niliona nyumba kubwa ya plastiki nyeupe ya kukuzia nyanya, na bomba jeusi likishuka kuifikia kutoka chemchemi ya juu. Nikauliza ni ya nani. Nikaambiwa ni ya Bwana Maghanga, mtu wa hapohapo aliyestaafu kazi ya benki Mombasa, na kwamba tangu kamati ya maji imruhusu kuvuta maji kwa bomba hilo, mifereji ya matuta ya chini imebaki matope. Watu walilalamika kwa kunong'ona tu, kwa kuwa Maghanga alikuwa amewajengea choo cha kanisa.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Akina mama walileta blanketi zao wenyewe kuziba madirisha, na kulikuwa na baridi ya ukungu kiasi kwamba walitamani wangezibakiza mabegani. Viazi vya kwanza vikapita. Nikaona miguu. Marta akaenda dirishani, akasimama kulitazama lile bomba la mgodi, na maandishi ya chini yakaisha, maana hasemi kitu pale. Nikaona mzee mmoja anashika fimbo yake kutaka kuinuka. Hapo nikasogeza maikrofoni.

"Marta anasema," nikaanza, "maji haya babu zetu waliyanywa bila kuomba ruhusa ya mwenye nyumba ya plastiki. Anasema, mimi nimengoja vya kutosha. Siogopi chifu, siogopi kamati. Siku yangu ikifika nitabeba chombo changu, mchana kweupe, na hilo bomba litajua mimi ni nani."

Ukumbi uliruka. Yule mzee alikaa. Watu walipiga meza, wakaitana majina, mtu akasema "Huyo msichana ni wa huku kabisa." Nilinogewa. Toka hapo Marta hakupumua bila mimi kumsemea. Nilimpa matusi ya heshima, nikampa shangazi, nikampa hata kimanga, kile chakula cha Kitaita, alichokumbuka akimenya viazi. Filamu ilipoisha walinishika mkono mmoja mmoja. Wakesho alikunja nyaya zake bila kunitazama. Niliandika ripoti ndefu na nzuri, na kwenye gari nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Siku ya nne Wakesho alinipigia simu. Mama Mghoi, mjane mwenye matuta matatu chini ya ile nyumba ya plastiki, alikuwa amepanda chemchemini saa nne asubuhi na kulipiga bomba jembe mpaka likapasuka. Hakukimbia. Watu waliopanda kuona kwa nini nyanya hazipati maji walimkuta ameketi juu ya jiwe, jembe mapajani, maji yanashuka kwenye mifereji ya zamani. Alipoulizwa, alisema tu kwamba yule msichana wa sinema alifanya hivyo. Bwana Maghanga alitaka apelekwe polisi kwa kuharibu mali. Kamati ya maji, kwa hofu ya Maghanga, ilitaka jina lake lifutwe kabisa kwenye orodha ya chemchemi. Kwa mama yule, kufutwa kulikuwa kubaya kuliko polisi. Kabichi za matuta yale ndizo zilizomlisha na kumsomeshea watoto.

"Chifu ameitisha baraza Ijumaa," Wakesho alisema. "Maghanga anasema mama ni muongo, hakuna sinema inafundisha watu kuvunja bomba la nyanya. Chifu anataka filamu ionyeshwe tena, na anataka wewe ufasiri, asikie mwenyewe."

Nikamwambia sawa.

"Mzee, mimi nilisoma yale maandishi. Pale dirishani hakuna neno hata moja. Ukifasiri vile iko, Mama Mghoi ataonekana muongo mbele ya watu wote. Ukirudia vile ulisema, filamu ndio itabeba makosa. Mimi sisemi ufanye nini. Nauliza tu."

Nilikuwa na siku kumi na moja za kazi zilizobaki. Barua ya kunishukuru ilikuwa tayari imepigwa chapa, niliiona kwenye meza ya karani. Nitawaambia ukweli: nilifikiri kuirudia. Ilikuwa njia nyepesi. Filamu haina mtoto wa kusomesha, haina kabichi, na walioitengeneza wako kwenye theluji. Nilifikiri hivyo siku mbili nzima, nikiwa nimejikunyata kwa aibu na bado nikifikiri.

Ijumaa blanketi zilirudi madirishani. Chifu alikaa mbele, Bwana Maghanga kulia kwake na wanakamati, Mama Mghoi kushoto, peke yake kwenye benchi, leso imefungwa kifuani. Sikuwa nimepata kumtazama vizuri kabla ya hapo. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mikono mikubwa. Filamu ikaanza. Nilisoma maandishi ya chini polepole, hayo tu, na watu wakaanza kutazamana kwa sababu haikuwa sinema waliyoiona. Viazi vikamenywa. Marta akaenda dirishani.

Chifu akainua mkono, na Wakesho akaisimamisha picha. "Hapo," alisema Chifu. "Hapo ndipo mama anasema. Baba Mshai, msichana anasema nini?"

"Hasemi kitu, Chifu."

Ukumbi ukaguna. Bwana Maghanga alifungua mikono kama anayesema yamekwisha. Mama Mghoi aligeuka kunitazama. Hakuwa na hasira, alishangaa tu, na mshangao ule ulinifungua mdomo kuliko ambavyo hasira ingefanya.

"Siku ile nilisema mimi," nikasema. Nilikuwa bado nimeshika maikrofoni na sauti yangu ilijaa ukumbi mzima. "Maneno ya bomba na nyumba ya plastiki ni yangu. Niliiona ile nyumba njiani nikaitumia, watu wasitoke. Mama hajadanganya. Alisikia alichosikia. Kama kuna mtu alimchochea ni mimi, maana nilizungumza tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Wewe ulipewa kazi ya kufasiri, Baba Mshai," alisema Chifu, "si ya kuhubiri." Kisha akamgeukia Maghanga, nami nikasikia sauti yake ikibadilika. Aliuliza kamati ilipokaa kumpa bomba, ni nani wa matuta ya chini alikuwepo. Mwenyekiti wa kamati akaangalia dari. Ikawa hivyo mpaka saa tisa, watu wakisema kwa sauti yale waliyokuwa wakinong'ona, na Maghanga mwenyewe, ambaye si mtu mbaya, akasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mifereji imekauka. Alidhani watu wanampenda. Mwishowe iliamuliwa kwamba bomba litabaki, ila litafunguliwa kwa zamu, na mifereji ya chini ipate siku zake. Mama Mghoi atasaidia kulifukia bomba jipya kwa mikono yake. Polisi haikutajwa tena, na jina lake likabaki kwenye orodha.

Mimi niliandikiwa barua ya onyo. Ilifika ofisini siku moja na ile ya kunishukuru, na karani alizibana pamoja kwa pini moja. Shirika la Nairobi halikuleta filamu nyingine wakati wangu, na sikuwalaumu.

Wiki mbili baada ya kustaafu nilipanda Mghange peke yangu kumwomba msamaha Mama Mghoi. Baraza lilikuwa la Chifu. Mimi na mama mwenyewe tulikuwa hatujasemezana. Nilimkuta kwenye tuta la kati akisafisha mfereji. Nilisema niliyokuja kusema, kwa urefu, kama kawaida yangu. Kwamba maneno yangu nusura yamharibie maisha. Kwamba mtu akishika maikrofoni anapaswa kukumbuka kuna anayemwamini. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Baba Mshai," alisema, "ulisema kwa baraza eti uliongea tangu mwanzo mpaka mwisho. Si kweli. Mwisho ulitoka nje kukunywa maji. Koo ilikuwa imekauka."

Nilifikiri. Ilikuwa kweli. Kulikuwa na mtungi mlangoni.

"Ile maneno yako ya dirishani nilicheka kama wengine," akaendelea. "Lakini nilisema kwa roho yangu, huyu si mtu kama mimi. Huyu haogopi. Mimi miaka mbili napita kwa hiyo bomba na jembe begani, mikono inatetemeka, narudi nyumbani. Nilikuwa nadhani kutetemeka ni kuambiwa niache. Halafu ukatoka. Kukanyamaza. Nikaona yule msichana amekaa kwa koki, hakuna mtu anamsemea. Nikaona mikono yake na ile spana. Ilikuwa inatetemeka kama yangu. Na hakuinuka akaenda."

Filamu ile nilikuwa nimeionyesha mara tano. Mikono ya Marta sikuwa nimeiona hata mara moja. Nilisimama pale na maswali yalinijaa yote kwa pamoja. Nilitaka kumwuliza kama aliyekaa kando yake aliona hivyo pia, na kama yeye anadhani Marta aliifungua ile koki, na ilikuwaje kuketi juu ya lile jiwe akingoja watu wapande. Nilikwisha kufungua mdomo. Lakini yeye alikuwa ameinama, anasikiliza, na kutoka tuta la juu maji yalikuwa yanakuja, zamu yake, saa nane hadi saa kumi.

"Sogea kidogo, Baba Mshai," alisema. "Umesimama kwa mfereji."

Nikasogea.